Duka la Huduma za Kompyuta Mjini Busia: Tathmini ya Mteja

Duka ninalolizungumzia liko upande wa Uganda wa mji wa Busia, mpakani na Kenya, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, katika safu ya maduka yanayouza vitenge, nafaka na vipuri vya pikipiki. Ndani mna kompyuta tatu za mezani, printa mbili, skana, mashine ya fotokopi na benchi la mbao la wateja wanaosubiri. Mlangoni hakuna jina la duka. Kilichoandikwa ni orodha ya kazi zinazofanyika humo: kuchapa barua, fotokopi, picha za pasipoti, TIN, fomu za pasipoti na kulipia ada za serikali. Nimelitumia kwa shughuli zangu mwenyewe na za wenzangu katika chama chetu cha kuweka na kukopa, ambacho wanachama wake wengi ni wanawake wanaofanya biashara ndogo za kuvuka mpaka. Ninaandika kwa sababu naamini kwamba duka la aina hii ndipo mahali ambapo teknolojia ya habari humfikia mwananchi wa kawaida wa nchi kama yetu, au humpita, na kwa hiyo linastahili kupimwa kwa makini zaidi kuliko tunavyozipima simu mpya zinazotangazwa redioni.

Ili mtu aelewe kwa nini benchi lile hujaa watu kila siku ya kazi, hana budi kuangalia jinsi huduma za serikali zilivyohamia mtandaoni. Mfanyabiashara anayetaka namba ya mlipakodi, ambayo sote twaiita TIN, huiomba kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Anayetaka pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, ambayo Uganda ilianza kuitoa Desemba 2018, hujaza fomu kwenye tovuti, hupakia nakala za hati zake, kisha huenda ofisini siku aliyopangiwa ili apigwe picha na kutoa alama za vidole. Ada nyingi za serikali hazilipwi benki wala kwa simu mpaka kwanza itolewe namba ya malipo, yaani PRN, nayo pia hutoka kwenye tovuti. Hatua hizi zimewapunguzia watu wa mpakani safari nyingi za Kampala, mji ulio takriban kilomita 200 kutoka hapa, na mimi ni miongoni mwa wanaozishukuru. Hata hivyo fomu zenyewe ni za Kiingereza, zinataka baruapepe, zinataka hati zilizoskaniwa vizuri, na zilitengenezwa kwa kumfikiria mtu aliyeketi mbele ya kompyuta yake, mwenye umeme, bando na muda wa kutosha. Mama anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni, mwenye simu ya kitochi na kitambulisho kilichochakaa kwa kubebwa ndani ya leso, hakuwamo katika mawazo ya waliozitengeneza.

Pengo hilo ndilo linalolipa kodi ya chumba cha duka hili. Si pengo jipya, wala si mara ya kwanza kwa Uganda kujaribu kuliziba. Mwaka 1999 kituo cha mawasiliano cha jamii cha Nakaseke, kaskazini mwa Kampala, kilikuwa kimeanza kuwapa wakulima simu, kompyuta, maktaba na mafunzo kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, na kwa miaka kadhaa kilitajwa kila palipozungumziwa teknolojia na maendeleo vijijini. Mwaka 2003 ukaanzishwa mfuko wa kupeleka mawasiliano vijijini, chini ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ambao miongoni mwa mambo mengine umezipa shule za sekondari maabara za kompyuta. Hiyo ilikuwa mipango ya wafadhili na serikali. Duka la Busia halina mfadhili. Linaishi kwa shilingi za Uganda 200 za fotokopi na shilingi 500 za ukurasa uliochapishwa, na ikitokea kwamba mteja hakuridhika, kuna maduka mengine barabara hiyo hiyo yanayomngoja. Ninaamini hali hiyo imelifanya liwe na adabu ambayo ofisi nyingi hazina.

Sasa niieleze huduma yenyewe, kwa sababu ubora wake umo katika mambo madogo ambayo mteja asiyejua kompyuta hawezi kuyadai.

Mhudumu, kijana wa hapa hapa mjini, haanzi kwa kuigusa kibodi. Huanza kwa karatasi. Ana fomu yake aliyoichapa mwenyewe kwa Kiswahili, yenye maswali yote yatakayoulizwa na tovuti, na mteja hujibu yote kwanza: majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, kijiji, parokia, kaunti ndogo, kazi, namba ya simu, majina ya wazazi. Mteja asiyeandika huandikiwa. Hilo laweza kuonekana ni kupoteza muda, ila mtu aliyewahi kuona mtandao ukikatika katikati ya fomu, na kila kilichoandikwa kikapotea, ataelewa faida yake. Mtandao ukirudi, kazi huendelea kutoka kwenye karatasi, na mama wa watu haulizwi upya jina la marehemu baba yake.

Nilimsindikiza hapo mwanachama mwenzetu, mama wa makamo anayenunua mukene kwa magunia na kuwauza kwa vikopo, ambaye benki ilimtaka awe na TIN kabla ya kumfikiria kwa mkopo. Namba ya utambulisho ya taifa, NIN, ina herufi na tarakimu 14, na kosa katika moja tu kati ya hizo hukwamisha kila kitu kinachofuata. Kijana aliiandika, kisha akakigeuza kioo cha kompyuta kumwelekea mama na kumwambia, “Mama, shika kadi yako, nifuate kwa kidole. Mimi nasoma, wewe unanizuia nikikosea.” Akasoma herufi moja moja, polepole. Walipofika karibu na mwisho mama akasema, “Hapo ngoja, mwanangu. Hiyo si tano, hiyo ni kama herufi ya jina langu, Sauda na Sara.” Kijana akaichukua kadi, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akarudi na kuisahihisha. Mama yule hakumaliza shule ya msingi, lakini ndiye aliyeikagua kazi, na aliikagua kwa sababu aliyeketi mbele ya mashine alimpa nafasi ya kufanya hivyo.

Ilipofika sehemu ya simu, iliwekwa namba ya mama mwenyewe. Ilipofika baruapepe, alifunguliwa yake kwa jina lake. Neno la siri alilichagua na kulibonyeza yeye kwa kidole kimoja, kijana akiwa amegeuka kuangalia ukutani, kisha mama akaliandika kwenye daftari lake la hesabu za biashara. Kazi nzima ilichukua karibu saa moja. Katika maduka mengine ingechukua dakika kumi na tano.

Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa nimeona madhara ya dakika kumi na tano. Ipo desturi, iliyoenea katika miji mingi midogo, ya mhudumu kuweka baruapepe yake na namba yake ya simu kwenye fomu ya mteja ili amalize haraka. Siku ya kwanza hakuna anayeona tatizo. Namba imetoka, karatasi imechapishwa, mteja ameondoka akiwa na furaha. Tatizo huja baadaye, mteja anapotakiwa kuwasilisha ritani ya kodi au kurekebisha taarifa zake, na ujumbe wenye namba ya kuthibitisha ukaenda kwenye simu ya mtu aliyekwisha kuacha kazi na kuhama mji. Mwenzetu mmoja alifikwa na hali hiyo baada ya kuhudumiwa katika duka jingine, na ilimbidi afunge kibanda chake na kusafiri kwenda kujieleza ofisini kwamba yeye ndiye yeye. Akaunti inayofunguliwa kwa simu ya mtu mwingine ni mali ya mtu huyo mwingine, hata kama jina lililo juu yake ni lako.

Sifa ya pili ya duka hili ni kwamba hukataa fedha ambayo haikustahili. Chini ya utaratibu wa biashara ndogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mwenye mzigo wa bidhaa za humu humu kwenye Jumuiya usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hupata cheti chepesi cha asili ya bidhaa kwa maofisa wa forodha pale pale mpakani, bila kulipia. Wanawake wengi hawalijui hilo, na wapo vijana barabarani wanaowatoza kwa “kuwajazia mtandaoni”. Hapa nimemsikia mhudumu akimwambia mteja aliyekuwa tayari ameshatoa noti mkononi, “Dada, hiki sikifanyi mimi. Nenda dirishani kwa forodha, omba cheti cha mzigo mdogo, usimpe mtu hela.” Vivyo hivyo kwa TIN: huwaeleza wateja wazi kwamba Mamlaka ya Mapato haitozi chochote kwa kuitoa, na kwamba shilingi 10,000 anazochukua yeye ni malipo ya kazi yake, umeme wake na bando lake. Wengi wakishaelezwa hulipa bila kinyongo.

Pia huwashauri watu juu ya malipo ya simu, na ushauri wake ni sahihi. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, na baada ya malalamiko makubwa ikabaki asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa. Mtu aliyetumiwa na mwanawe shilingi 250,000 za ada ya pasipoti ya kawaida, akizitoa kwa wakala ili azipeleke benki, hulipa kodi ya shilingi 1,250, na juu yake ada ya kampuni ya simu. Akiilipa PRN moja kwa moja kutoka kwenye simu, kodi ile ya kutoa haimgusi. Mhudumu humwonyesha mteja hatua kwenye simu ya mteja mwenyewe, hata simu ya kitochi, bila kuishika mkononi na bila kuitazama anapobonyeza namba ya siri.

Baada ya kuyasema hayo, nina malalamiko, na la kwanza ni zito.

Nakala za vitambulisho vya watu hubaki kwenye kompyuta za duka. Nilipokuwa nikingoja hati yangu ichapishwe, niliona kwenye kioo mafaili kadhaa yenye majina ya watu: kitambulisho cha huyu, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ya yule, picha ya pasipoti ya mtoto. Baadhi ya majina nilikuwa nayajua. Sidhani kwamba kuna nia mbaya. Ni mazoea ya kuskani, kutuma na kusahau. Lakini Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na sheria hiyo inataka taarifa za mtu zisihifadhiwe kwa muda unaozidi haja iliyozikusanyia. Katika nchi ambayo laini ya simu, akaunti ya pesa na mkopo vyote hufungwa kwenye NIN, picha safi ya kitambulisho cha mtu pamoja na jina la mama yake na tarehe yake ya kuzaliwa ni kitu cha hatari kuachwa kwenye mashine ambayo mteja yeyote aliyekuja kuchapa barua anaweza kuichomekea flashi yake. Nilimweleza mwenye duka. Alinisikiliza kwa heshima na kuahidi kwamba mafaili yatakuwa yakifutwa kila jioni. Ningependa yafutwe mbele ya mteja, kabla hajainuka kwenye kiti, kwa sababu jioni ni mbali na mteja hayupo kuona.

La pili linahusu benchi. Maswali ya fomu huulizwa kwa sauti, na wanaosubiri wako umbali wa mkono. Mwanamke anaulizwa kama ameolewa, ana watoto wangapi, kipato chake kwa mwezi ni kiasi gani, na jirani yake wa sokoni anasikia kila jibu. Nimeona watu wakishusha sauti, na mhudumu akiwaomba warudie. Pazia au ubao mmoja wa mbao kati ya meza na benchi ungetosha, na gharama yake ni ndogo.

Hakuna ubao wa bei, na risiti hutolewa kwa anayeomba tu. Bei nilizozitaja nimezijua kwa kuuliza. Sijaona mtu akitozwa tofauti kwa kazi ile ile, lakini mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza hana namna ya kujua hilo.

Kuhusu kasi ya mtandao na umeme, sitalilaumu duka kupita kiasi. Mkongo wa kwanza wa baharini ulianza kufanya kazi kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki Julai 2009, na tangu hapo Uganda, nchi isiyo na bahari, imekuwa ikipata sehemu kubwa ya intaneti yake kupitia Mombasa na nchi kavu ya Kenya. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, kwa bei ambayo duka kama hili lisingeimudu hata kidogo. Nyaya hizo zinaingia Uganda kupitia mpaka huu huu, jambo ambalo watu wa hapa hulitaja kwa uchungu kila ukurasa unapogoma kufunguka. Bei imeshuka sana, ila haijashuka kadiri ilivyowezekana. Mwaka 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 ikaondolewa na badala yake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Duka hununua bando ili liwahudumie raia wanaotafuta huduma za serikali, na serikali hutoza kodi juu ya bando hilo. Siuoni uadilifu wa mpango huo, na sijasikia hoja iliyonishawishi kwamba unaongeza idadi ya watu wanaotumia tovuti ambazo serikali yenyewe imezijenga.

Ipo pia hatari ambayo hakuna duka linaloweza kujikinga nayo. Intaneti ilipozimwa nchi nzima jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi, na kurudishwa tarehe 18, maduka ya aina hii yalibaki na kazi ya fotokopi peke yake. Siku hizo kila ombi lililokuwa na tarehe ya mwisho lilisimama. Huduma ikishahamishiwa mtandaoni kabisa na dirisha la zamani likafungwa, kuuzima mtandao ni kuifunga ofisi yenyewe.

Umeme ukikatika, duka lina betri inayoziwezesha kompyuta mbili kumaliza kazi iliyo mezani, lakini printa haifanyi kazi na fotokopi husimama. Kuna jenereta ndogo inayowashwa nyakati za msongamano. Moshi wake huingia ndani, na ningeshauri isogezwe nyuma ya jengo.

Kwa kijana mwenye simu janja na anayesoma Kiingereza vizuri, sina sababu ya kumshauri aende kulipa. TIN na fomu ya pasipoti huweza kujazwa kwenye simu, na akijifanyia mwenyewe siri zake zinabaki kwake. Aende dukani kuskani na kuchapisha tu. Duka ni la wengine, nao ni wengi: wazee, akina mama wa soko, wakulima wa vijiji vya jirani wanaoletwa na boda boda na watoto wao, wageni kutoka ng'ambo ya pili waliooa au kuolewa huku. Kwa hao, thamani ya kompyuta hutegemea kabisa tabia ya mtu aliyeketi mbele yake. Tovuti moja na fomu moja, katika duka moja humpa mama akaunti iliyo yake, na katika duka la jirani humpa karatasi isiyo na ufunguo. Natamani sana wanaopanga huduma hizi Kampala waje wakae kwenye benchi lile nusu siku tu. Wangeona kwamba kuwafundisha na kuwasajili wahudumu wa maduka haya, na kuwapa fomu za maandalizi kwa Kiswahili, Luganda, Kisamia na lugha nyinginezo, kungesaidia zaidi kuliko kuongeza kurasa mpya kwenye tovuti.

Kwa atakayekwenda: duka hufunguliwa saa mbili asubuhi, na kabla ya saa nne benchi huwa bado lina nafasi. Mchukue kitambulisho cha taifa halisi wala si nakala, simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lenu, na daftari la kuandikia neno la siri. Fotokopi ni shilingi 200, kuchapisha ukurasa ni 500, TIN ni 10,000, na fomu ya pasipoti pamoja na kuskani hati ni 20,000, mbali na ada ya serikali. Kabla ya kuondoka ombeni risiti, na ombeni mafaili yenu yafutwe mkiwa mnaona, pamoja na yale yaliyomo kwenye kapu la takataka la kompyuta. Mhudumu hakasiriki akiombwa.